Kanga Begani kwa Venasi

Nizwa, Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mjomba Marzouq, na ikiwa inanuka mbuzi usinilaumu mimi. Nimemkuta sokoni asubuhi anabishana na mtu bei ya beberu, nikakaa ndani ya gari lake nikaandika. Wenzangu kazini wangejua namwandikia bibi yangu kwa kalamu wangenicheka. Wao bibi zao wana simu na wanatuma picha za maua kila Ijumaa. Lakini wewe umesema Kiswahili changu cha simu kimejaa maji, basi haya, naandika.

Tumepata mgeni pale makumbusho. Ni mwanamke wa marumaru, kaletwa kutoka ng'ambo, tumeazimwa mpaka Januari. Warumi walimchonga zamani sana, jina lake Venasi, kwao alikuwa mungu wa mapenzi, astaghfirullah. Lakini hawakumtunga wenyewe. Walifuata sanamu ya Wayunani ya zamani zaidi, na hiyo ya Wayunani imepotea, haipo tena duniani. Tunaijua kwa hii tu. Kibao cha Kiarabu kinachoeleza hayo nimekiandika mimi.

Ni mzuri, Bibi. Amesimama kama mtu anayetaka kupiga hatua. Nguo yake nyembamba, utasema imelowa maji. Mkono mmoja ameuinua juu ya bega, ila umekatika kwenye kiwiko.

Ufunguzi ni tarehe tisa Novemba. Mimi ndiye nitakayewafasiria wageni. Bado nimo kwenye majaribio ya kazi, na mudiri wetu, Ustadh Nabhan, mkuu wa makumbusho, ataamua mwisho wa majira kama nabaki au naondoka. Nataka uje. Hujapata kuniona nikifanya kazi hata siku moja.

Ombi moja, usikasirike. Tukiwa pale tuzungumze Kiarabu. Si kwa kitu, ila pale ni watu wa Nizwa watupu na bado hawajanijua vizuri.

Barua imekuwa refu, mjomba ananipigia honi.

Mjukuu wako,
Balqis

*

Ibra, Alhamisi, 31 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Balqis,

Marahaba. Barua imefika, na kweli inanuka beberu. Nimeianika dirishani kwanza ndipo nikaisoma.

Barua haiwi "refu", mama. Inakuwa ndefu. Ulimi wako ndio mrefu. Haya, tuendelee.

Huyo Venasi wenu amenifurahisha. Kumbe yeye ni mjukuu. Bibi yake kapotea, lakini yeye kafanana naye, na kila anakopelekwa kibao kinamtaja bibi. Wangapi siku hizi wanaofanya hivyo?

Hilo la Kiarabu nimelisoma mara mbili. Kiarabu nakijua, mwanangu. Nimekaa nchi hii tangu mama yako hajazaliwa. Ila ulimi wangu una Unguja ndani yake na hautoki. Nikimwamkia muuza samaki kule Sur, neno la kwanza tu, ananiuliza Zanzibar nimetoka lini. Lakini umeniomba, nitajaribu. Nikishindwa nitanyamaza, na kunyamaza nako unajua sikuwezi.

Kuja nitakuja. Marzouq atanileta kwa gari dogo, si lile la mbuzi, nimemwapisha. Nitavaa abaya uliyonipa Idi. Kwenye mkoba nitatia kanga yangu ya kusalia, maana adhuhuri itatukuta njia ya Sinaw.

Usinifanyie makuu mbele za watu. Nitakaa nyuma nikutazame. Kila Jumatano soko la wanawake nawatangazia hapa: mjukuu wangu anafasiri, mjukuu wangu anasimama mbele ya wageni wakubwa. Wamekwisha kunichoka.

Bibi yako,
Shaikha

*

Nizwa, Ijumaa, 15 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimengoja uniandikie wewe kwanza, hukuandika. Mjomba kanipa tende na salamu tu. Basi nasema mimi.

Kwa nini, Bibi? Nimejiuliza wiki nzima. Mudiri anahutubia, mimi namfasiria yule bwana wa ng'ambo aliyekuja na sanamu, watu kimya. Mara nakuona unainama unapita chini ya kamba. Nikadhani umepotea unatafuta msala. Ukafungua mkoba, ukatoa kanga, ukamtupia Venasi begani, ukaivuta mpaka kifuani ukaipachika. Halafu ukageuka, ukasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumwita mtu uani: "Msitirini mwenzenu, mnamtolea macho tu."

Ukumbi mzima ulicheka. Yule bwana alishika kichwa chake. Unajua sanamu ile ina miaka mingapi? Mikono za watu hazitakiwi kuikaribia, hata sisi tunavaa glavu. Walinzi wakakukimbilia, na wewe ukasimama pale na mkoba wako kama unangoja kuhudumiwa.

Na kanga yenyewe, katika kanga zote, ilikuwa ile ya HAYAKUHUSU NDEWE WALA SIKIO. Maneno yamekaa sawasawa kifuani kwa Venasi. Watu wamepiga picha. Picha imefika Samail, imefika Maskati, Shangazi Fawziya ameniletea mimi mwenyewe na alama za kicheko, hajui kama nilikuwepo. Chini mtu ameandika, "Wazinjibari wamemsilimisha mungu wa Warumi."

Sikuweza kukufuata kwa sababu nilikuwa kazini, nadhani uliona. Nilipopata nafasi ulikuwa umekwisha ondoka.

Sisemi haya kukuvunjia heshima. Ila niliona aibu, Bibi. Sijapata kuona aibu kama ile.

Balqis

*

Ibra, Alhamisi, 21 Novemba 2024

Kwa Balqis,

Marahaba.

Una haki ya kukasirika. Nimekuharibia siku yako na naomba unisamehe.

Nitakwambia ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Uliniandikia nguo yake nyembamba. Hukuniandikia kama imemteleza, bega na titi viko wazi. Nimefika pale nimemkuta hivyo, na wanaume wamemzunguka, na taa zimemwelekea yeye. Nikautazama ule mkono ulioinuliwa. Alikuwa anaivuta nguo yake irudi begani, Balqis. Mkono umekatika kabla hajamaliza. Kwa muda ule nilisahau kama ni jiwe.

Kwetu mwanamke nguo ikimteleza mbele za watu na mikono yake ina kazi, aliye karibu humfunika. Haulizi, hasemi, hamtazami usoni. Na aliyefunikwa hashukuru. Anaishika nguo anaendelea na lake, na jambo hilo halitajwi tena. Hukumbuki harusi ya Khulood kule Sur, umebeba sinia ya halwa, zipu ya gauni lako ikafumuka mgongo mzima? Mtu alikutupia kanga. Mpaka leo hujui ni nani, na ndivyo inavyotakiwa.

Kosa langu ni kuwa nilisema. Ningefunika nikanyamaza, labda wasingecheka. Mdomo wangu huu utanizika.

Jumatano sikwenda sokoni, wala ile ya kabla yake. Picha imefika huku pia. Mwanamke mmoja kaja mpaka mlangoni kuniuliza kama ni kweli nimelivisha sanamu la makafiri, na kwamba nitubu. Mimi nina umri huu, sijaikosa swala, leo naulizwa kama nimehudumia mungu wa mawe. Nimemwambia sikumwona mungu pale, nimemwona mtu. Akaondoka na uso wake. Nilipofunga mlango nililia, nakwambia kweli.

Wewe huna kosa. Ulikuwa na wageni wako. Kazini kwako sitakuja tena, usiwe na wasiwasi.

Kula vizuri. Baridi ya Nizwa ikianza vaa soksi.

Shaikha binti Hud

*

Nizwa, Ijumaa, 6 Desemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Wiki mbili nimeandika nikachana. Mjomba leo kanambia asiporudi na barua hatorudi na mbuzi, kwa hivyo naandika na nitakupa hivi hivi.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilisema alhamdulillahi, hakusikia. Nikaona sahihi yako, "Shaikha binti Hud", kama unaiandikia serikali, nikajiambia ni hasira tu ya picha. Nikaona hukunisahihisha. Niliandika "mikono za watu", kosa ambalo ungelipigia mstari hata ukiwa na homa, na hukusema kitu. Hilo nalo nikalipita.

Jumatatu mudiri kaniita ofisini. Kanga yako iko kabatini kwake, imekunjwa kwenye karatasi laini kama vile nayo ni ya makumbusho. Akanambia, "Balqis, nisaidie kumtafuta yule hajja. Wageni wamempenda, na mimi sikufurahi vile walinzi walivyomtoa. Nataka nimrudishie kitu chake na nimtake radhi." Nikamuuliza kwani hukumuuliza siku ile? Akasema, "Nilimsindikiza mlangoni. Nikamuuliza, una mtu hapa, mama? Akasema, sina mtu hapa, nimekuja na basi la Ibra."

Bibi. Hakukuwa na basi.

Basi lile nililitunga mimi. Yule bwana wa ng'ambo alikuwa ameuliza huyu mama ni nani, na mudiri akageuka akaniuliza mimi, maana nilikuwa wa karibu. Nikasema, "Simjui. Labda kaja na basi la Ibra." Nilisema kwa Kiarabu, kwa sauti, ili wasikie wote. Wewe ulikuwa umesimama hapo hapo. Akaniuliza tena, na maneno ya kwenye kile kitambaa ni lugha gani? Nikasema sijui lugha hiyo.

Na wewe ulisikia, ukatoka mpaka mlangoni, ukausema uwongo wangu neno kwa neno ili usiniumbue.

Venasi ni jiwe, na kibaoni pake bibi yake ametajwa, tena kwa mkono wangu. Mimi nimekukana nimesimama mbele ya kibao hicho hicho. Tangu Jumatatu nikipita pale natazama chini. Najionea aibu mpaka sauti yangu siipendi nikiisikia.

Mudiri nimemwambia nitamtafuta huyo hajja. Hata pale sikuweza kusema. Nisamehe. Nisahihishe, nitukane, niite jina lolote, ila usitie sahihi vile tena.

Mjukuu wako, ukinikubali,
Balqis

*

Ibra, Alhamisi, 12 Desemba 2024

Kwa Balqis,

Marahaba. Barua nimeipata. Nilitaka yasitajwe. Umeyataja, basi na mimi nitayasema mara moja tu.

Nilisikia. Kiarabu chako kizuri, sauti haikukukwama hata kidogo. Mudiri aliponiuliza pale mlangoni, nyuma ya bega lake nikakuona wewe. Umekauka, kalamu mkononi, huna pa kuweka macho. Kazi yako iko kwa mtu yule. Ningesema nini? Wewe ndiye uliyetelezwa na nguo, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Sikufanya kwa wema, usinipambe. Ilinitoka tu. Baadaye ndipo iliponiuma. Garini sikusema neno mpaka Sinaw, Marzouq akadhani nimeshikwa na homa, akaninunulia juisi. Nilikuwa nafikiri: nimekosea wapi mpaka mtoto niliyemlea mimi anaona ni heri niwe mtu wa basi? Ni abaya? Ni ulimi? Lugha niliyokuimbia ukiwa mgongoni mwangu umewaambia watu huijui.

Kuniona mjinga nisingejali, ujinga nimeufanya. Lakini wewe ulinikana kwa kuwa ni mimi, hata kabla ya kanga. Uliniomba Kiarabu tangu barua ya kwanza, na mimi nikacheka.

Radhi yangu unayo, sikuinyang'anya wala sitainyang'anya. Mengine sijui. Usiende kwa mudiri sasa, utaipoteza kazi na haitanisaidia mimi kitu. Kanga na ikae huko.

Sahihi nimetia ninavyoweza.

Shaikha binti Hud

*

Nizwa, Ijumaa, 10 Januari 2025

Bibi,

Shikamoo. Sikukuandikia mwezi mzima kwa sababu sikuwa na neno la kukupa. Sasa ninalo, lakini sijui utalipokeaje.

Juzi Jumatano tumemuaga Venasi. Wageni wale wale, viti vile vile, kahawa na halwa. Mudiri kapanda mbele na mimi pembeni yake nafasiri Kiingereza. Kamaliza ya shukrani, akacheka kidogo, akasema anataka kuwasimulia kisa cha siku ya ufunguzi. Ikawekwa ukutani ile picha, kubwa, Venasi na kanga yako na maneno yake. Watu wakaanza kucheka tena.

Mudiri akasema, "Mama mmoja mzee asiyejulikana alitoka kati ya watu."

Ilikuwa zamu yangu. Nilifungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza, "Bibi yangu, mama yake mama yangu, Shaikha binti Hud wa Ibra, alitoka kati ya watu." Yule bwana wa ng'ambo akanitazama. Mudiri anajua Kiingereza cha kutosha, akanigeukia. Nikarudia kwa Kiarabu, kwa sauti ile ile niliyosemea siku ya kwanza. Nikasema hakukuja na basi, kaja na mjomba wangu kuniona mimi, na mimi niliulizwa nikasema simjui.

Hakuna aliyecheka.

Halafu mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akauliza lile andiko linasema nini. Nikasema ni Kiswahili, lugha ya nyumbani kwetu, nikawasomea maneno hizo kwanza kama yalivyo, kisha nikayafasiri. Nikawaeleza na ule mkono uliokatika, kwamba wewe uliona ulikuwa unavuta nguo. Yule bwana alisimama akaenda kuutazama mkono, akautazama sana. Mimi nimeieleza sanamu ile kwa watu miezi miwili na sikuwahi kufikiria mkono ule ulikuwa na kazi gani.

Ustadh Nabhan hakunipigia makofi. Jana kaniita. Akasema uwongo wa kumdanganya yeye angeusahau, ila kumwacha mama mzima anatolewa na walinzi na mimi natazama, hilo hajui alitie wapi. Kanitoa ukumbini. Nimewekwa ghalani kufungua masanduku, na majaribio yangu yamerudi mwanzo. Nimekubali. Afadhali ghala.

Kanipa na kanga yako. Hakuifua, alisema si haki yake kuifua. Iko kwangu, sikuitumia. Niseme niilete vipi, au nimpe mjomba.

Sikufanya haya ili unirudie. Uliniambia nisiende na nimekwenda. Nilitaka watu wale wale wasikie.

Balqis wako

*

Ibra, Alhamisi, 16 Januari 2025

Mjukuu wangu Balqis,

Marahaba, mama.

Ni "maneno hayo". Maneno hizo ndiyo nini? Miaka yote hii naandika na kalamu nyekundu, na bado.

Jana nimekwenda soko la wanawake. Yule aliyeniambia nitubu alikuwepo, anauza bukhuri zake. Nikasimama mbele ya meza yake, nikamwambia mjukuu wangu yuko ghalani sasa, anafungua masanduku. Akasema masikini, imekuwaje? Nikamsimulia yote, na la basi pia, sikuficha. Mdomo wangu unaujua. Wakakusanyika wengine. Nilipofika kwenye "mama yake mama yangu" sikuweza kumaliza, ikabidi waniletee kiti.

Bado inauma kidogo, nisikudanganye. Itapoa yenyewe.

Kanga usimpe Marzouq, ataifungia mbuzi. Na usiifue. Kipande chake cha pili ninacho hapa, na doti haivaliwi kimoja. Akishakukabidhi barua hii panda gari urudi naye, hata kama mbuzi hawajauzwa.

Bibi yako,
Shaikha